Sakafu Nyekundu ya Bi Kioo

Tangu mwanawe alipotamka lile neno, Bi Kioo hakukalia kiti kikapata joto. Aliketi, akainuka. Akaenda jikoni kufunua sufuria ambayo alijua haina kitu, akaenda chumbani kunyoosha shuka ambalo lilikuwa limenyooka, akatoka uani, akaingia tena. Kila alipopita alitazama chini, na sakafu, kama ilivyo desturi yake, ikamrudishia sura yake.

Neno lenyewe lilikuwa fupi. Kitinda mimba wake, dereva wa lori, alipita Jumatano kumshushia gunia la mkaa. Akamkuta mama yake anajiinua kwenye kigoda cha jikoni kwa kushikilia ukingo wa meza, upande mmoja umelegea kama mlango uliong'oka bawaba ya juu.

"Umeanguka tena, Mama."

"Nani kasema? Nimelala vibaya."

"Umelala vibaya, au umelalia ndoo?"

Bi Kioo akajifanya hakusikia. Ndoo ilikuwa pale karibu na mlango wa bafu, mdomo wake umepinda, na hakuwahi kufikiria kuificha. Akili yote ilikuwa kwenye kuficha kiuno.

Kijana akatua gunia, akapangusa mikono. "Nisikilize. Jumamosi namleta fundi, aitoe hii sakafu utelezi. Kama hutaki iguswe, sawa, siwezi kukuvunjia nyumba yako. Lakini basi fungasha, ukakae kwangu. Siwezi kuwa barabarani safari nzima nawaza umelala chini na hakuna wa kukuinua."

"Kwako kule ghorofani?"

"Kule kule ghorofani."

Akapanda lori lake akaenda zake. Bi Kioo akabaki na mambo mawili mkononi, kila moja lina miba. Ama sakafu ipoteze mng'ao wake, ama yeye aipoteze sakafu, na nyumba, na uani, na lango lake la kufungua mwenyewe.

Ili mjue uzito wa maneno hayo, sharti mwijue sakafu yenyewe.

Mumewe, aliyekwisha kutangulia, alikuwa fundi mwashi. Nyumba yao ilipofika mahali pa kumwaga zege, alimwuliza mkewe anataka sakafu ya namna gani, na wenzangu mnaokumbuka siku zile mtakubali kwamba hapakuwa na wanaume wengi wa kuuliza swali hilo. Kulikuwa na ya kijivu tupu, iliyolainishwa kwa mwiko. Kulikuwa na ya kuchorwa kwa ufagio ingali mbichi, ibaki na mikwaruzo, lakini hiyo watu waliitia uani na vibarazani. Na kulikuwa na za rangi: nyeusi, kijani, nyekundu. Mume aliipenda ya kijani.

"Kijani nakifuta zahanati kutwa," mkewe akamwambia. "Nikirudi nyumbani nikifute tena?" Maana wakati huo alikuwa mfanya usafi wa zahanati, mwanamke mwembamba mwenye ndoo, aliyejua kila ufa wa kila wodi. Akachagua nyekundu. Sababu aliitoa bila kusitasita: udongo wa njia yao ulikuwa mwekundu, na vumbi la rangi moja na sakafu halimwaibishi mtu mgeni akipiga hodi ghafla.

Zege likamwagwa, likasawazishwa kwa ubao mrefu. Juu yake wakapiga niru, ile saruji laini iliyochanganywa na unga mwekundu ikawa nzito kama uji wa mgonjwa anayepata nafuu. Mumewe na mwenzake wa kazi, mtu mrefu aliyeitwa Pimamaji kwa sababu hakuamini jicho la mtu yeyote ila kile kifaa chake chenye tone la maji, walipiga magoti wakarudi nyuma kinyumenyume hadi mlangoni, wakikandamiza kwa mwiko wa chuma mpaka sakafu ikaanza kung'aa yenyewe. Kisha wakaifunika magunia yaliyolowa.

"Sasa shemeji," Pimamaji akamwambia, "saruji haikauki kama nguo. Inakomaa. Inywesheni maji asubuhi na jioni, na mtu asikanyage wiki nzima."

Wakahamia kwa jirani. Wiki nzima, kwa mwanamke yule. Alikunywa chai ya jirani amesimama. Alikwenda kuchungulia dirishani mpaka watoto wa jirani wakamwuliza kama kuna mtu amefungiwa ndani. Kabla wiki haijafika katikati, alitandika mbao mbili juu ya magunia akavuka hadi jikoni kuchukua chekeche, ambalo hakuwa na kitu cha kuchekecha. Magunia yalipoondolewa, mistari miwili ya mbao ilikuwa imelala pale mlangoni pa jikoni, imenyooka kama reli. Mumewe aliitazama, akamtazama yeye.

"Ungejaliwa mabawa," akasema, "ungeharibu na paa."

Mistari haikuzibwa. Watoto wote waliozaliwa katika nyumba ile waliendeshea humo vigari vyao vya makopo, na yule dereva wa lori ndiye aliyeendesha kuliko wote.

Lakini mwenye sakafu aliiheshimu sakafu baada ya hapo. Kila Jumamosi aliifagia kwa ufagio laini, akaipiga deki, akaiacha ikauke kabisa, maana nta juu ya unyevu huacha ukungu mweupe usiotoka. Akapaka nta nyekundu kwa kitambaa, kidogo kidogo, akangoja. Ndipo akapiga magoti na kipande cha blanketi kuukuu akasugua hadi mkono ukakata tamaa, kisha akasimama, akakanyaga blanketi kwa miguu miwili na kumaliza vyumba kwa kuteleza kama anayecheza ngoma peke yake. Limau halikukatwa ndani ya nyumba ile ila juu ya sinia, kwa kuwa tone moja la limau lilishawahi kula niru karibu na meza, likaacha doa, na doa hilo likawekewa kigoda cha kudumu. Viti vya wageni, vile vinne vya dirishani, alivishonea soksi za kitambaa miguu yote visikwaruze. Wifi zake wakasema, viti vya nyumba ile vina soksi na watoto hawana. Ilikuwa kweli, na hakujali.

Jina la Bi Kioo alipewa na wageni wa kike, ambao waliketi pale dirishani wamekusanya sketi zao magotini, wakihofia sakafu isije ikaona zaidi ya ilichokaribishwa kuona.

Majirani walianza kutandika vigae, mmoja mmoja. Alikwenda kuwapongeza, akavua viatu, akagongagonga kwa kidole gumba cha mguu akisikiliza palipo patupu chini. "Vizuri sana," alikuwa akisema, halafu njiani akirudi, "vinalia kama ngoma." Vikipasuka, alikuwa wa kwanza kwenda kutoa pole.

Mtu aliyejenga jina lake juu ya mng'ao hawezi kuja kusema mng'ao umemwangusha. Alipoteleza mara ya kwanza aliligeuza kichekesho, akalisimulia mwenyewe kwa madoido. Mara ya pili hakulisimulia. Alikuwa anatoka bafuni na ndoo ya maji, maji yakamwagikia nta, akajikuta chali anatazama mbao za dari. Jambo la kwanza alilowaza, na nisiseme uongo juu yake, ni kama ndoo imemega sakafu. Akapapasa. Haikumegwa. Ndipo akaanza kutafuta namna ya kuinuka, na kutafuta huko kulichukua muda mrefu kuliko alivyotaka kukumbuka.

Alhamisi aliizunguka nyumba akiwaza ghorofani. Alikwishakukaa kule, alipopasuliwa jicho. Mkamwana wake alimtunza vizuri, hana la kumlaumu. Lakini vyumba vilikuwa vidogo, hatua chache umekutana na ukuta, unageuka, unakutana na mwingine. Jirani wa chini alipanda kuuliza kwa adabu kama kuna mtoto ndani anayejifunza kutembea. "Ndiyo," mwanawe alijibu, "tunaye, ana wajukuu." Walicheka wote. Bi Kioo alicheka pia, na kuanzia hapo akawa anatembea kwa ncha za vidole katika nyumba ya mwanawe wa kumzaa.

Hapana. Ghorofani haendi.

Na sakafu? Akasimama mlangoni pa chumba chake, jua la asubuhi limeingia kwa dirisha la ukumbini, sakafu nzima inawaka kama kaa lililopulizwa. Hiyo nayo hapana.

Ijumaa asubuhi akapata wazo. Alikumbuka zahanati, ile njia ya mteremko ya kusukumia vitanda. Wagonjwa walikuwa wakiteleza pale hadi alipokuja fundi wa rangi, akapaka rangi na kunyunyizia mchanga ingali mbichi. Iliendelea kupendeza na hakuna aliyeteleza tena. Basi, akawaza, si ndiyo hiyo? Mchanga kwenye nta. Ing'ae na ishike. Jumamosi wakija, wakute kazi imekwisha, fundi anywe chai aende zake.

Akachekecha mchanga kwa lile lile chekeche, akauchanganya na nta ndani ya kopo. Akaanza na ukumbi, mahali pa kupita sana. Alipaka, akangoja, akapiga magoti, kiuno kikimpigia makelele, akasugua kwa nguvu zake zote za zamani. Blanketi lilikuwa linalia sauti ngeni, lakini alikuwa na haraka, na mtu mwenye haraka hasikilizi blanketi. Rangi hukauka ikashika mchanga wake. Nta haikauki namna hiyo. Nta huuachia, na mchanga unabiringika chini ya mkono unaosugua.

Alipofika mwisho akageuka kutazama alikotoka. Njia yote ya kupita ukumbini ilikuwa imekwanguka. Ngozi nyekundu ya niru imechanika mawingu mawingu, na kijivu cha zege kinachungulia.

Alikuwa bado amepiga magoti pale pale mdogo wake alipopiga hodi na kuingia bila kungoja jibu. Mdogo wake alikuwa mshonaji nguo, mwanamke mnene mwenye ulimi wa sindano.

"Dada, kuna nini, unasali upande huo?"

"Nisaidie kuinuka."

Mdogo mtu akamshika kwapani. Gauni likavutika, akaiona alama ya kiunoni, nyeusi iliyoanza kugeuka manjano. Kisha akatazama sakafu, akatazama kopo la nta, akachovya kidole, akakisugua na chenzake.

"Mchanga," akasema.

"Zahanati walitia."

"Zahanati walitia kwenye nta?"

"Kwenye rangi."

"Aa." Akavuta pumzi. "Mwanao kanieleza. Kwa hiyo anakuambia uchague kati ya sakafu na nyumba, na wewe umechagua kuichuna sakafu. Miaka yote watoto wako hawakuruhusiwa kuingia na viatu, leo mama yao ameingia na msasa."

"Cheka umalize."

"Sijaanza." Lakini alipovuka ukumbi kwenda jikoni kubandika chai, yeye ambaye katika nyumba ile siku zote alitembea akishika ukuta kama mlevi, alipita katikati mikono imejaa. Akasimama. Akarudi hatua moja, akaupima mguu wake. "Dada. Hapa pananishika."

Bi Kioo alikuwa kishaenda mlangoni, akarudi, akaenda tena.

Jumamosi mwana alikuja na fundi, na fundi hakuwa mwingine ila Pimamaji, mvi kichwani, mrefu vile vile, kile kifaa chake kikichungulia mfukoni. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alipofika ukumbini akachuchumaa.

"Nani kapakwangua hapa, shemeji?"

"Panya," akasema mdogo wa Bi Kioo.

"Panya mkubwa," akasema Pimamaji, akapitisha kiganja polepole kama anayempapasa ng'ombe. "Lakini zege hili zima. Bado zima. Tulilinywesha vizuri."

Mwana alikuwa na wazo la kuvunja yote na kutandika vigae vya mkwaruzo. Pimamaji akatikisa kichwa. Kuvunja sakafu isiyo na ufa, alisema, hata mkono utakataa. Wangeosha kwanza nta yote kwa maji moto, sabuni na magadi. Halafu mahali mama anapopita wasugue kwa jiwe na maji, waitoe ile ngozi laini, ibaki iliyofunguka, nayo isipakwe nta tena abadani, ni kupigwa deki tu. "Kuosha si kitu, shemeji. Ukijuta, nta unarudisha. Lakini nikishasugua, niru hairudi. Kwa hiyo uniambie mwenyewe. Nisugue wapi?"

"Mimi natembea kidogo tu," akasema Bi Kioo. "Kitandani, bafuni, jikoni, mlangoni. Nichoree kanjia kembamba."

Mdogo wake akaangua kicheko akashika ukuta. "Kembamba? Huyu? Mpakeni unga miguuni muone."

Alisema kwa dhihaka, lakini Pimamaji alimtazama kama aliyeletewa kifaa kipya. "Unga upo?"

Wakaosha kwanza. Maji ya moto yalitoka mekundu ndoo baada ya ndoo, na kabla ya adhuhuri sakafu ilikuwa imekauka, uchi, bila uso wa mtu ndani yake. Upande wa viti vya wageni peke yake haukuwa umeguswa, kwani hakuna aliyethubutu kuvisogeza. Bi Kioo hakutaka kutazama. Mdogo wake akamwaga unga kwenye sinia, akaliweka chini kando ya kitanda. "Haya dada. Amka. Ni asubuhi. Kila ukipita hapa, chovya."

Alikanyaga unga, akaanza. Mwanzo alitembea kwa kujidhibiti, ameshika njia moja iliyonyooka, kama bibi harusi, mwanawe nyuma yake ametanua mikono kama anayemfuata mtoto wa kutambaa. Kitandani, bafuni, jikoni. Akarudi, akachovya. Kisha pazia la chumbani likampungia. Akaenda kulifunga. Aaa, na birika, limezimwa au halikuzimwa? Lilikuwa limezimwa. Mtu akaita langoni, akaenda, kumbe alikuwa anamwita jirani. Akarudi akapitia chumba cha watoto, ambacho hakina mtoto, akanyoosha mto. Akachovya. Kwenye dirisha la jikoni. Uani, kuangalia kamba ya nguo isiyo na nguo. Jikoni, akivuka ile mistari ya mbao. Alishasahau kwamba anatazamwa. Mwanawe alikuwa amechoka kumfuata, amesimama mikono kiunoni.

"Mama. Basi. Inatosha."

Akasimama, akageuka. Nyumba yake ilikuwa nyeupe. Nyayo zilipita juu ya nyayo, zikakatana, zikazunguka, zikarudi nyuma kwa sababu ambazo hata mwenyewe hakuzikumbuka. Hapakuwa na kanjia. Kulikuwa na uwanja wa sokoni, na msongamano wote ulikuwa wa mtu mmoja.

Kijana alizitazama zile nyayo. "Na kwangu," akasema taratibu, "ulikuwa unayafanya haya yote kwa ncha za vidole."

Bi Kioo hakumtazama. Alikuwa anatazama dirishani kwenye viti vinne vyenye soksi. Pale unga haukufika. Hapakuwa na unyayo hata mmoja. Sakafu ilikuwa nyekundu, imeng'aa, imetulia, miguu ya viti imesimama juu ya vivuli vyake.

"Shemeji," akasema Pimamaji, "sema."

Bi Kioo alizungusha macho nyumba nzima, kutoka chumbani hadi jikoni, pole pole, kama anayeaga. "Sugua," akasema. "Kote nilikopita. Pale dirishani uniachie."

"Pale napo panateleza, Mama."

"Sijawahi kuteleza pale."

"Kwa sababu hupakanyagi. Unapafikia kwa magoti tu." Mwana akajikuna shingo. "Sikiliza, pabaki. Lakini magoti basi. Mke wangu atakuja Jumamosi akupakie nta."

"Atakosea. Atapaka nene."

"Atapaka nene, nawe utamfundisha. Umekaa."

"Nimekaa wapi?"

"Kitini. Vipo vinne."

Jiwe likasugua siku ile na siku zilizofuata, na sauti yake ilimkera hadi kwenye meno. Pimamaji alipoondoka, aliacha nyumba yenye rangi ya tofali lililonyeshewa, sakafu ambayo haikurudisha sura ya mtu. Ilikuwa na jambo moja ambalo Bi Kioo hakulitarajia. Ilitoa sauti. Alipovuka ukumbi, nyayo zake zilikwaruza, sha, sha, sha, na alisimama kwanza akidhani kuna mtu nyuma yake. Katika nyumba ile, miaka yote, alikuwa anateleza kimya. Sasa alijisikia akienda na akajisikia akirudi, na wakati mwingine, akisikia anarudi mara nyingi mno, alijiuliza kwa sauti anatafuta nini.

Jumamosi mkamwana alikuja na leso kichwani, akapiga magoti dirishani na kopo la nta. Bi Kioo akaletewa kiti chake mwenyewe cha wageni. Alikitazama kama kiti cha daktari wa meno. Akakaa, mgongo haujagusa egemeo.

"Kidogo," akasema. "Kitambaa kisibebe nta, kiinuse tu."

"Hivi, Mama?"

"Hivyo ni kupaka mkate. Ngoja nikuonyeshe." Akainuka.

"Mama, umekatazwa."

Akakaa. Akasema ile kona imesahauliwa. Akainuka kuionyesha, akaona jicho la mkamwana, akakaa. Akaamuru kusubiri nta ivute, na katika kusubiri huko alikwenda jikoni na kurudi, sha, sha, sha, hakuna aliyemzuia, maana huko ni kwake pa kukanyaga. Akaketi tena. Blanketi likaanza kazi, na polepole wekundu ukapanda, dirisha likaonekana humo kichwa chini, kisha ukingo wa kiti, kisha mwanamke mzee aliyekaa amekusanya gauni lake magotini kama mgeni.

Bi Kioo akatazamana naye.

"Mng'ao ni mzuri, Mama?" akauliza mkamwana, akipangusa jasho.

"Ni mnene kidogo. Jumamosi utapata."

"Basi inua miguu, Mama, nipitishe hapo chini. Unaichafua."

Bi Kioo akainama kutazama. Alikuwa amekaa kitako kabisa, mikono mapajani, na chini ya kiti miguu yake ilikuwa inatembea.